Waliobaki Msituni: Historia ya Wahifadhi wa Gombe

Wazee wa Ufipa, wanapohadithia asili ya nchi yao, huanzia Milanzi, kwa kuwa hapo, kwenye mlima Itwelele, ndipo mapokeo yanapomweka Ntatakwa, mfalme wa kwanza, aliyeshuka kutoka mbinguni nchi ilipokuwa ingali changa. Na hadithi hiyo huendelea kueleza jinsi wanawake wageni wa ukoo wa Twa walivyofika siku ambayo mfalme hakuwapo nyumbani, wakapewa kiti cha enzi na mwenyeji aliyeingiwa na hofu, na kwa kiti hicho wakajipatia utawala wa nchi nzima, ambao baadaye uligawanyika ukawa milki mbili, Nkansi na Lyangalile. Hata hivyo Milanzi haikufutwa. Wageni walichukua amri na kodi na vita, bali wenyeji wa Milanzi walibakiwa na taadhima ya wenye nchi, ikawa watawala wapya, kwa nguvu zao zote, hawana budi kuikiri heshima hiyo katika ibada na katika kutawazwa kwao. Wafipa walijua basi, kabla ya serikali za kikoloni na kabla ya jumuiya za kisasa, kwamba nchi huwa na mamlaka mbili: mamlaka ya anayeitawala na mamlaka ya anayebaki nayo.

Muradi wa makala haya ni kuifuata mamlaka hiyo ya pili katika historia ya jumuiya moja ya kuhifadhi pori, iliyozaliwa kwenye ufuo wa ziwa lile lile la Tanganyika ambalo Wafipa wa Kirando na Kala huvua dagaa wake. Jumuiya hiyo hujulikana duniani kwa jina la mwanamke mmoja Mwingereza, Jane Goodall, na jina hilo limestahili sifa zote lilizopewa. Lakini mtu akiisoma historia yake kwa makini ataona kuwa kila mara jumuiya ilipofikia ukingo wa kuangamia, iliokolewa na watu waliozaliwa karibu na msitu, aghalabu wasio na shahada wala cheo, waliobaki pale ambapo wengine walilazimika kuondoka.

Gombe ni ukanda mwembamba wa milima na mabonde, kaskazini ya mji wa Kigoma, ambapo vijito vingi huteremka kutoka kwenye miinuko ya Bonde la Ufa hadi ziwani. Serikali ya Kiingereza iliufanya ukanda huo kuwa pori la akiba mwaka wa 1943, na kwa amri hiyo wakazi wa Kiha na wavuvi waliokuwa wakitumia fuo zake walizuiwa kulima na kukata miti ndani yake. Amri ilitolewa juu, na waliopaswa kuitii hawakushauriwa. Kwa hiyo alipotokea mgeni tarehe 14 Julai 1960, binti wa miaka 26 akiwa na mama yake, Vanne, na mpishi wao, Dominic, na kusema kuwa amekuja kuwatazama sokwe, watu wa vijiji vya jirani walikuwa na sababu njema ya kumshuku. Wengine walimdhania kuwa mpelelezi wa serikali, na katika kijiji cha Mwamgongo palizuka hofu kwamba akiona sokwe mmoja ataandika kumi au ishirini, ili serikali ipate hoja ya kulipanua pori na kuwanyang'anya ardhi zaidi. Ikashauriwa mtoto wa mkubwa wa kijiji afuatane naye, apate kuhakikisha hesabu.

Hofu hiyo haikuondolewa kwa hotuba. Mama yake Jane alifungua zahanati ndogo chini ya paa la makuti, akawa anawapa wavuvi aspirini na dawa za vidonda, na kuwasafisha wagonjwa madonda yaliyokuwa yamewatesa kwa miezi. Na habari za tiba hiyo zilienea katika fuo upesi kuliko habari za sokwe. Wakati huohuo askari wa wanyamapori Adolf Siwezi na mwenyeji Rashidi Kikwale walimwongoza binti yule katika njia za milimani, wakimwonyesha mikuyu inayozaa na vijito vinavyovukika, maarifa ambayo hakuna chuo kilichoweza kumfundisha. Mwezi Novemba mwaka ule alimwona sokwe dume, aliyempa jina la David Greybeard, akichokoa mchwa kwa ujani katika kichuguu, kisha akivunja kijiti na kukipukutisha majani ili kifae kwa kazi ile ile. Na kwa kuwa wataalamu walikuwa wakishikilia kwamba kutengeneza zana ni alama ya binadamu peke yake, habari hiyo ilitikisa elimu ya viumbe duniani kote. Aliyemtuma Gombe, Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete nchini Kenya aliyetafuta mabaki ya watu wa kale huko Olduvai, aliuelewa mara moja uzito wake.

Mwaka uliofuata, Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Julius Nyerere alitoa pale Arusha tamko lililokubali kuwa wanyama wa pori na makazi yao ni amana ambayo taifa jipya litaibeba kwa ajili ya watoto wa watoto wake. Na mwaka wa 1963 chuo cha Mweka kilifunguliwa chini ya Kilimanjaro ili Waafrika wenyewe wafundishwe kazi ya kuitunza amana hiyo. Gombe ikapata kituo cha utafiti katikati ya miaka ya sitini, na mwaka wa 1968 pori likapandishwa daraja kuwa Hifadhi ya Taifa. Wanafunzi wakaja kutoka Ulaya na Marekani, mahema yakageuka nyumba, na kando yao wakaajiriwa vijana wa Kiha, na wengine wa asili ya ng'ambo ya ziwa, kama wasaidizi wa msituni. Majina yao yanastahili kutajwa katika kila historia ya Gombe: Hilali Matama, Eslom Mpongo, Hamisi Mkono, Yahaya Almasi, na wenzao. Kazi waliyopewa mwanzoni ilikuwa ya kumfuata mwanafunzi ili asipotee. Lakini mtu anayeufahamu msitu hawezi kumfuata mwenziwe muda mrefu bila kuona zaidi yake, na haukupita wakati wasaidizi hao wakawa wanawatambua sokwe kwa sauti zao, kwa mwendo wao, na kwa nasaba zao.

Ushahidi wa jambo hilo ulipatikana tarehe 7 Januari 1974. Jamii ya sokwe waliokuwa wakifuatwa ilikuwa imegawanyika katika makundi mawili, moja la Kasakela na jingine la Kahama kusini yake. Na siku hiyo Hilali Matama, akiwa mkubwa wa wasaidizi, aliwaona madume wa Kasakela wakimvamia dume mmoja wa Kahama aitwaye Godi alipokuwa anakula peke yake, wakampiga hata wakamwacha na majeraha mabaya, naye hakuonekana tena. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanadamu kushuhudia shambulio la namna hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Vita vile viliendelea kwa miaka minne hata kundi la Kahama likatoweka, na yeyote anayezisoma habari zake leo katika vitabu vya elimu anasoma, pengine bila kujua, kazi ya macho ya Hilali na wenzake.

Ndipo ikaja mithili ya siku ile ya Milanzi ambayo kiti kilibaki bila mwenyewe. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wapatao arobaini wenye silaha walivuka ziwa kwa mashua kutoka Zaire. Walikuwa wafuasi wa Laurent Kabila, aliyekuwa akimpinga Rais Mobutu kutoka katika milima ya Fizi. Wakaivamia kambi na kuwachukua wageni wanne, watatu katika hao wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mmoja wa wafanyakazi wa Kitanzania alipigwa vibaya usiku ule. Mateka wote waliachiwa salama kabla ya Julai kwisha, baada ya mashauri marefu na yenye uchungu, lakini Gombe haikuweza kuwa kama ilivyokuwa: wageni waliondolewa, mwenye kituo mwenyewe akawa haruhusiwi kukaa ila kwa siku chache kwa kibali maalumu, na fedha za wafadhili zikakauka. Kila mwenye busara, akiwa London au California, angalihukumu kuwa kazi ya miaka 15 imekwisha.

Haikwisha, kwa sababu asubuhi iliyofuata palikuwa bado na watu wa kupanda mlimani. Wasaidizi wa Kitanzania walichukua madaftari na kuendelea kuwafuata sokwe kutoka kiota cha asubuhi hadi kiota cha jioni, wakiandika kwa Kiswahili nani amekutana na nani, amekula nini, na amezaa lini. Na Derek Bryceson, mkuu wa Hifadhi za Taifa, ambaye alimwoa Jane mwaka huohuo wa 1975, alisaidia kuupanga utaratibu wao na kuutetea serikalini hadi alipofariki mwaka wa 1980. Madaftari hayo ya Kiswahili yamekuwa hazina: yalipelekwa kuhifadhiwa katika vyuo vikuu vya Marekani, Minnesota kwanza na kisha Duke, ambako wataalamu wa mataifa mengi wameyachambua, na kwa ajili yake Gombe imekuwa mojawapo ya sehemu chache mno duniani ambapo maisha ya wanyama wa pori yamefuatwa bila kukatika kwa zaidi ya miaka 60. Lau wasaidizi wale wangalirudi kwenye mashamba yao mwaka ule wa 1975, na hakuna ambaye angaliwalaumu, mnyororo huo ungalikatika, na katika kazi ya namna hii kiungo kilichokatika hakiungwi tena.

Mwaka wa 1977, kwa msaada wa marafiki wa Marekani, hasa Genevieve di San Faustino, Jane aliunda jumuiya isiyo ya faida iliyochukua jina lake, Jane Goodall Institute, ili utafiti usitegemee tena ukarimu wa chuo kimoja au mfadhili mmoja. Kwa miaka tisa ya kwanza jumuiya hiyo ilikuwa auni ya kituo tu. Lakini mwaka wa 1986, katika mkutano wa wataalamu wa sokwe uliofanyika Chicago, mama huyo alisikia habari za kila nchi zikifanana, misitu ikikatwa na sokwe wakiwindwa, naye akatoka mkutanoni akiwa ameamua kuacha maisha ya mtafiti na kushika maisha ya msafiri na mwombezi. Na miaka michache baadaye, aliporuka kwa ndege ndogo juu ya Gombe, akaona kwa macho yake yale ambayo wafanyakazi wake walikuwa wakiyaona kila siku kutoka vilele vya milima: hifadhi imekuwa kisiwa cha kijani, na pande zake zote vilima vitupu, udongo wake ukichukuliwa na mvua.

Sababu za ukiwa ule zilikuwa nyingi, na haki inatutaka tuziseme zote. Sera ya kuwakusanya watu vijijini, iliyotekelezwa kwa nguvu katikati ya miaka ya sabini, ilizidisha msongamano katika vijiji vya mwambao na vya milimani. Watu waliongezeka na mashamba hayakuongezeka. Tena mwaka wa 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, na tena mwaka wa 1996 kwa vita vya Zaire, Kigoma ilipokea wakimbizi kwa malaki, ambao walihitaji kuni na miti ya kujengea kama binadamu yeyote anavyohitaji. Mkulima aliyepanda mihogo kwenye mteremko mkali hakufanya hivyo kwa kuuchukia msitu, bali kwa kukosa pa kwenda.

Katika hali hiyo jumuiya ilifanya mambo mawili yaliyoibadilisha tabia yake. La kwanza lilianza mwaka wa 1991 huko Dar es Salaam, ambapo wanafunzi 12 wa sekondari walikutana kwenye baraza ya nyumba ya Jane wakiwa na malalamiko yao juu ya samaki wanaouawa kwa baruti, majangili na mbwa wanaoteswa, na badala ya kupewa hotuba wakaombwa waseme watafanya nini wao wenyewe; kutokana na baraza ile ikazaliwa Roots & Shoots, harakati ya vijana wa hiari ambayo leo ina vikundi katika makumi ya nchi, kila kikundi kikijichagulia kazi ya kuwafaa watu, wanyama na mazingira ya mahali pake. Ni fahari ya Tanzania kuwa harakati hiyo haikuletwa kutoka Ulaya, bali ilitoka Dar es Salaam kwenda Ulaya.

La pili lilikuwa mradi ulioanzishwa mwaka wa 1994 katika vijiji vinavyoizunguka Gombe, ukaitwa TACARE. George Strunden, aliyekabidhiwa kuuanzisha, aliona kwamba kikosi cha wageni kikiingia vijijini na mahubiri juu ya sokwe kitapokewa kwa adabu na kusahauliwa kwa haraka. Kwa hiyo akakusanya timu ya Watanzania, akiwemo Emmanuel Mtiti, ambaye baadaye aliuongoza mradi kwa miaka mingi, nao wakaenda vijijini kuuliza kabla ya kusema. Majibu waliyopewa hayakumtaja sokwe. Watu walitaka zahanati, shule za watoto wao, maji safi, na mazao yatakayowatosha. Basi mradi ukaanzia hapo: vitalu vya miche ya kuni na matunda, michikichi bora, makinga ya kuzuia mmomonyoko, vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, msaada wa masomo kwa wasichana, na wahudumu wa afya na uzazi wa mpango waliotoka katika vijiji hivyohivyo. Wakulima wa kahawa wa Kalinzi walitafutiwa masoko ya mbali. Aliyemuuguza mvuvi kwenye kibanda cha makuti mwaka wa 1960 alikuwa ametangulia kulifundisha somo hili: kwamba anayetaka kuaminiwa juu ya msitu sharti kwanza aaminiwe juu ya maisha ya watu.

Imani ilipopatikana, msitu ulizungumzwa, na mara hii waliouzungumza walikuwa wanavijiji. Sheria zilikuwa upande wao: Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 iliupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi yake, na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ikakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia kwa sheria ndogo zake. Vijiji vikakaa na ramani zilizopigwa kwa satelaiti, wazee wakionyesha penye chemchemi, makaburi na mipaka ya zamani, na vikatenga misitu ya hifadhi ambayo, ikiunganika, inawapa sokwe njia ya kutoka katika kisiwa chao. Palipokuwa na vilima vilivyodhaniwa vimekufa, iligunduliwa kwamba visiki vilikuwa hai chini ya majani. Vikiachwa bila moto na shoka, huchipua, na katika muda wa miaka michache huwa miti mirefu kupita kimo cha mtu. Kuilinda misitu hiyo, kila kijiji kilichagua walinzi wake, wanaume na wanawake, ambao hupita njia za doria wakiwa na simu za mkononi, wakiandika mtego walioukuta, kisiki kipya, kinyesi au kiota cha sokwe, na kutuma habari hizo ofisini. Kazi ya Hilali Matama iliyokuwa ya watu wachache ndani ya hifadhi imekuwa kazi ya mamia nje yake, na vijiji vilivyoingia katika utaratibu huo sasa vimepita 100 katika magharibi ya Tanzania.

Historia ya Gombe haiko peke yake kwenye ziwa hili. Kusini yake, katika milima ya Mahale, mtaalamu wa Kijapani Toshisada Nishida alianza kuwafuata sokwe mwaka wa 1965 akisaidiwa na Watongwe wenye milima hiyo; Mahale ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka wa 1985, na mwaka wa 1994 Nishida na wenzake wakaunda jumuiya ya kuihifadhi milima pamoja na wanavijiji wa jirani. Na mtu akizidi kuteremka kusini huingia Rukwa, kwa kuwa sokwe wa Tanzania hawakomi Mahale: katika mapori ya mto Lwafi, wilaya ya Nkasi, wapo hata leo sokwe wachache walio mwisho kabisa wa makazi ya jamii yao upande huu wa ziwa. Mfipa anayesikia habari za Gombe asidhani, basi, kuwa anasikia habari za ugenini.

Tarehe 1 Oktoba 2025 Jane Goodall alifariki huko California, akiwa na miaka 91, katikati ya safari ya kuhutubia watu. Dunia ilimlilia kwa haki. Wengi waliuliza nani ataurithi uongozi wake, na swali hilo lingalitisha kama jumuiya ile ingalikuwa ya mtu mmoja. Lakini wafuatiliaji wa Kitanzania, kama baada ya Mei 1975, walibaki na madaftari yao, kwa kuwa urithi ulikwisha kugawiwa miaka mingi nyuma. Uongozi wa kweli katika kazi ya hifadhi hupimwa kwa kipimo hicho: je, aliyekuja kutoka mbali ameiacha kazi mikononi mwa wasioondoka?

Nasi wa Ufipa tuna msitu wetu wa kupimiwa. Juu ya Sumbawanga umesimama msitu wa Mbizi, kimbilio la mbega wekundu na asili ya vijito vinavyoinywesha miji na mashamba na kuteremka hadi ziwa Rukwa. Uwanda wa nchi yetu umekuwa nyika tangu zamani. Wahenga wetu, waliojenga tanuri refu za kuyeyushia chuma, walichoma mkaa mwingi, ilhali hao hao walivumbua kilimo cha matuta ya majani yaliyofukiwa, kinachorudishia udongo nguvu badala ya kukimbilia shamba jipya la msituni. Kwa hiyo akili ya kutumia ardhi na kuirudishia chake si elimu ya kukopa kwetu. Mbizi iko chini ya serikali, na serikali ina wajibu wake. Lwafi ina askari wake. Lakini hakuna askari wanaotosha kuulinda msitu ambao majirani zake hawautaki. Vijiji vya Nkasi, Kalambo na Sumbawanga vina haki ya kisheria ya kutenga misitu yao na kuchagua walinzi wao, na wakazi wa Milanzi, walio warithi wa heshima ya wenye nchi, wanaweza kuwa wa kwanza kudai ushirika katika kuisimamia Mbizi. Tusingoje atokee mgeni wa kuanzisha. Tuitishe mikutano, tuwachague walinzi miongoni mwa vijana wetu, tuwape heshima na posho inayostahili kazi yao, na tuyaandike majina yao, kama nilivyoyaandika hapa majina ya watu wa Gombe, ili historia ya msitu wetu isije ikaandikwa kwa jina la mtu mwingine.